Ziara ya historia kutoka Boma hadi Ngarenanyuki: inafaa, ila sehemu ya kura irekebishwe

Kuna kikundi cha waongozaji vijana hapa Arusha kinachotembeza watu mjini na kwenye vijiji vya Meru kwa mada moja tu: madai ya uhuru, kuanzia Boma la Mjerumani hadi kesi ya ardhi ya Wameru, waliotolewa kwa nguvu Engare Nanyuki (Ngarenanyuki ya leo) mwaka 1951 wakapeleka malalamiko yao Umoja wa Mataifa. Hawana ofisi wala bango. Watu wanapeana namba yao, na wateja wao wengi ni walimu, wanachuo na vikundi vya makanisa. Tathmini hii inahusu ziara ya siku nzima, inayoanza saa mbili asubuhi na kurudi mjini saa kumi na moja jioni.

Bei ni shilingi 55,000 kwa Mtanzania, pamoja na usafiri wa Noah, chakula cha mchana na makaratasi. Ile ya nusu siku kwa miguu, ya mjini peke yake, ni 20,000. Viingilio vya makumbusho havimo ndani ya bei. Ada ya hifadhi nayo haimo, kwa hiyo kama kikundi kinataka kusimama kuangalia wanyama njiani badala ya kupita moja kwa moja, hilo lizungumzwe siku ya kuweka nafasi, si mkiwa getini. Jambo jingine la kuuliza mapema ni idadi. Wanapokea hadi watu 12, na watu 12 hawaenei kwenye gari moja, ila mwongozaji ni mmoja. Gari la pili linakwenda kimya njia nzima kutoka Usa River, wakati maelezo ya msingi yanatolewa njiani. Mkizidi watano, dai waongozaji wawili.

Kituo cha kwanza ni Boma, ambalo sasa ni Makumbusho ya Elimu Viumbe. Wajerumani walilijenga kati ya 1899 na 1900 kwa kuwafanyisha kazi Waarusha na Wameru kwa lazima, na mwongozaji anafanya vizuri kuanza na kuta zenyewe kabla ya kutaja majina ya maofisa. Anarudi nyuma hadi Oktoba 1896, wamisionari Ovir na Segebrock walipouawa Akeri, kisha msafara wa adhabu wa Kapteni Johannes uliofuata. Anamalizia na tarehe 2 Machi 1900, siku Mangi Meli, mtawala wa Wachaga wa Old Moshi, aliponyongwa huko pamoja na viongozi wengine 18. Haya yote ni sahihi na yamepangwa vizuri. Kasoro ni kwamba yanachukua saa moja na nusu, na muda huo unakatwa baadaye mahali ambapo unahitajika zaidi. Dakika arobaini zingetosha.

Kitu ambacho kingefaa kusemwa pale Boma, na hakisemwi, ni ramani. Baada ya vita hivyo, ardhi iliyouzunguka Mlima Meru kwa chini iligawiwa walowezi, wakiwemo Makaburu waliofika kuanzia miaka ya 1904 na 1905. Wameru wakabaki mlimani, wamezungukwa na pete ya mashamba ya watu wengine, na njia ya kushusha ng'ombe kwenda malishoni ikawa nyembamba. Bila ramani hiyo msikilizaji hawezi kuelewa kwa nini bonde la Engare Nanyuki, upande wa kaskazini-mashariki mwa mlima, lilikuwa na thamani kubwa hivyo kwao. Ataona ni ugomvi wa mashamba mawili tu. Karatasi moja ya A3 yenye mlima, pete na mishale ya njia za mifugo ingemaliza kazi hiyo kwa dakika tano.

Kutoka hapo mnapita kando ya jengo la AICC, kituo cha mikutano ya kimataifa. Mwongozaji anataja kwamba mahakama ya kimbari ya Rwanda ilikaa humo, na anaendelea. (Lipo jambo la kukumbukwa hapa: Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, lililosimamia nchi zilizokuwa zikiandaliwa kujitawala, lile lile lililowasikiliza Wameru, lilisimamisha shughuli zake tarehe 1 Novemba 1994 baada ya Palau kupata uhuru. Wiki moja baadaye, tarehe 8 Novemba, Baraza la Usalama likaunda mahakama iliyokuja kukaa Arusha.) Halafu ni mwendo wa kama dakika ishirini kwa kufuata Barabara ya Makongoro hadi Mnara wa Mwenge na Makumbusho ya Azimio la Arusha, katika jengo ambamo Halmashauri Kuu ya TANU ilikaa tarehe 26 hadi 29 Januari 1967. Barabara ina kelele, bodaboda hazikatiki, na mwongozaji hana kipaza sauti. Kaeni karibu naye au msubiri mfike ndani ya uzio.

Pale Mwenge ndipo wanapotoa karatasi za Kiswahili kuhusu hali ya kisheria ya Tanganyika, na ndipo kosa la kwanza kubwa linapojitokeza. Karatasi inasema Tanganyika ilikuwa koloni la Mwingereza. Kwa mtu aliyenyang'anywa shamba, tofauti inaweza kuonekana ndogo. Kwa kesi hii, tofauti hiyo ndiyo kila kitu. Tanganyika ilikuwa koloni chini ya Ujerumani. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Uingereza ilikabidhiwa kuitawala kwa niaba ya Shirikisho la Mataifa, lililoutangulia Umoja wa Mataifa, na kuanzia Desemba 1946 ikawa nchi ya udhamini chini ya Umoja wa Mataifa, moja kati ya 11 duniani, saba kati yake zikiwa Afrika. Kenya, hapo ng'ambo ya Namanga, ilikuwa koloni. Mkikuyu aliyepoteza ardhi hakuwa na haki ya kupeleka barua New York kama mtu wa nchi ya udhamini. Mmeru alikuwa nayo, kwa sababu ibara ya 87 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa iliruhusu malalamiko kutoka nchi za udhamini yapokelewe na kuchunguzwa, na ibara ya 76 ilitaja wazi kwamba lengo la udhamini ni kuwafikisha watu kwenye kujitawala au uhuru.

Hata neno lenyewe linawapita wasikilizaji. Kijana wa leo akisikia "mdhamini" anafikiria kampuni iliyoandikwa kifuani mwa jezi, au shangazi aliyesimama mahakamani ili mtu atoke rumande. Waongozaji wanalitamka na kulipita. Linapaswa kufunguliwa polepole, kwa mfano ambao kila familia ya Kitanzania inaujua: baba amefariki, watoto ni wadogo, mali imekabidhiwa kwa baba mdogo. Anaitunza, anaruhusiwa kula jasho lake, haruhusiwi kuiuza, na siku watoto wakikua anatoa hesabu mbele ya ukoo. Ndani ya mfano huo umo ukweli na yamo matusi pia. Matusi ni kuwaita watu wazima watoto. Ukweli ni kwamba mdhamini, tofauti na mnyang'anyi, amekubali kwa saini yake kuwa kuna siku atahesabiwa. Wameru walikataa matusi wakaushika ukweli. Hawakwenda kuomba huruma. Walikwenda mbele ya ukoo, yaani mataifa yote, kumdai baba mdogo hesabu.

Hapa ndipo ulipo uzito wa ziara nzima, na hapa tunawasihi waongozaji wakae. Madai ya Wameru yangeweza kuwa madai ya kabila moja juu ya malisho yake. Yalivyopelekwa, yakawa swali linalomhusu kila mtu anayetawaliwa na mwingine: je, mtawala anaweza kuahidi mbele ya dunia kwamba anawaandalia watu hawa uhuru, huku anachoma nyumba zao ili kuwapa ardhi wageni wachache? Swali hilo halina lugha wala rangi. Ndiyo maana wakili aliyewasaidia, Earle Seaton, aliyekuwa akifanya kazi Moshi, alikuwa mtu mweusi kutoka Bermuda, yeye mwenyewe mzaliwa wa koloni la Mwingereza upande wa pili wa Atlantiki. Na ndiyo maana Waewe wa Togo walikuwa wameshapita mlango huo huo kabla yao: Sylvanus Olympio, aliyewasemea, alizungumza mbele ya Baraza la Udhamini mwaka 1947. Ziara inamtaja Seaton kwa sentensi moja na Olympio haimtaji kabisa.

Baada ya hapo mnapanda gari. Njia ni Usa River, geti la Ngongongare, kisha kupita ndani ya hifadhi hadi Ngarenanyuki. Chakula cha mchana ni kijijini: ugali, maharage na mboga, au loshoro kwa anayependa mahindi na maziwa ya mgando. Ni kingi, ni kitamu, na mama wanaopika wanalipwa papo hapo, jambo ambalo si kila ziara inafanya. Beba maji yako ya kunywa, walau lita mbili kwa kila mtu, kwa sababu maji ya eneo hili yana floraidi nyingi. Vumbi pia ni kali wakati wa kiangazi. Leso au kitambaa cha usoni kitasaidia.

Maelezo ya kuhamishwa yanatolewa mahali pazuri, kwenye mwinuko unaoonyesha mlima upande mmoja na tambarare ya kuelekea Kilimanjaro upande wa pili. Mwongozaji anaeleza vizuri chanzo: tume ya Jaji Mark Wilson, iliyotoa ripoti yake baada ya Vita Kuu ya Pili, ilipendekeza eneo kati ya milima hiyo miwili liwe kipande kimoja cha wafugaji wa Kizungu. Mashamba yaliyokuwa na namba 31 na 328 kwenye ramani za serikali, ambayo Wameru waliishi, yakaingia humo. Mradi ulikuwa wa mashamba 13 ya walowezi. Watu wapatao 3,000 walitakiwa kuhamia King'ori, chini kwenye joto, mahali ambapo waliona hapafai kwa mifugo yao. Walikataa. Kuanzia Novemba 1951 wakatolewa kwa nguvu na nyumba zikachomwa. Anataja namba hizo bila kupandisha sauti, na zinaingia vizuri zaidi kwa namna hiyo. Ningeongeza jambo moja tu: kukataa kwao hakukuwa na silaha. Watu walikaa, wakaondolewa, wakachanga pesa, wakamtuma mtu, Kirilo Japhet, akawasemee New York. Mfuatano huo wa hatua ndio mwanachuo anaweza kuujifunza na kuutumia.

Kisha wanaleta wazee. Aliyekuwa mtoto wa miaka minane wakati ule sasa yuko kwenye miaka ya themanini, kwa hiyo kila ziara inaweza kuwa ya mwisho kwa shahidi fulani. Kikao kimewekwa baada ya chakula, saa nane na nusu, wakati jua ni kali na mzee amechoka kusubiri. Kiwekwe kabla ya chakula. Salamu zitangulie, shikamoo kwa kila mmoja, na mwongozaji aombe ruhusa ya kurekodi kabla simu hazijatolewa mfukoni. Kikundi kiambiwe namna ya kuuliza: anza na alichokiona kwa macho yake (nyumba ilikuwa na milango mingapi, mlilala wapi usiku ule, ng'ombe walipelekwa wapi), ndipo uulize alichosimuliwa baadaye. Ukianza na "mzee, tueleze kuhusu Kirilo Japhet," utapata hotuba ambayo ameshaitoa mara nyingi. Na waletwe bibi pia. Kwenye ratiba ya sasa wazungumzaji ni wanaume watupu, wakati aliyebeba mtoto na sufuria kutoka kwenye nyumba inayoungua mara nyingi alikuwa mama.

Sasa kura. Hili ni igizo wanalofanya chini ya mti, na ndilo watu wanalikumbuka kuliko yote, kwa hiyo kosa lake lina madhara makubwa. Kila mtu anapewa kadi yenye jina la nchi, mmoja anakuwa Kirilo, mmoja Seaton, mmoja mjumbe wa Uingereza. Hoja zinatolewa, mikono inanyooshwa, Wameru wanashinda, makofi. Mwongozaji anamalizia kwa kusema Umoja wa Mataifa uliwarudishia Wameru ardhi yao.

Haikuwa hivyo. Kirilo Japhet alifika New York mwaka 1952 na kuzungumza mbele ya Baraza la Udhamini. Baraza lilieleza kusikitishwa na yaliyotokea, lakini halikuitaka Uingereza irudishe ardhi. Shauri likapelekwa kwenye Baraza Kuu mwaka huo huo. Ndani ya Kamati ya Nne, inayoshughulikia nchi zisizojitawala, azimio la kutaka ardhi irudishwe lilipita, kwa sababu kwenye kamati wingi wa kawaida unatosha. Lilipofika kwenye kikao cha Baraza Kuu lenyewe, mambo ya udhamini yalihitaji theluthi mbili, na theluthi mbili haikupatikana. Na hata ingepatikana, Baraza Kuu linapendekeza, haliamuru. Kura ile haikurudisha hata eka moja.

Igizo linaweza kurekebishwa bila gharama. Chukueni punje 60 za maharage, kwa sababu Umoja wa Mataifa ulikuwa na wanachama 60 mwaka 1952. Tengeni punje nne: hizo ndizo nchi za Afrika zilizokuwa na kiti, yaani Misri, Ethiopia, Liberia na Afrika Kusini, hiyo ya mwisho ikiwa ya ubaguzi wa rangi. Bara zima, punje nne, na moja iko upande wa pili. Kisha pigeni kura mara mbili. Mara ya kwanza kwa wingi wa kawaida, Wameru wapite. Mara ya pili elezeni kanuni kwa lugha ya sokoni: wanaokaa bila kupiga hawahesabiwi, na kila punje moja ya kupinga inahitaji punje mbili za kuunga. Wapinzani 20 wanadai waungaji 40. Wacheni kikundi kijaribu kuzitafuta hizo 40 kwenye meza ambayo Afrika ina nne. Wataelewa kwa mikono yao kwa nini Wameru walishindwa, tena bila mtu kuwaambia kwamba hoja ilikuwa dhaifu.

Halafu ongezeni punje. Mwaka 1960 peke yake wanachama wapya 17 waliingia, 16 kati yao kutoka Afrika, na jumla ikawa 99. Tarehe 14 Desemba mwaka huo likapita azimio namba 1514, lililotangaza kwamba watu wote wana haki ya kujitawala na kwamba kutokuwa tayari kisiasa, kiuchumi au kielimu kusiwe kisingizio cha kuchelewesha uhuru. Kura za kuunga 89, ya kupinga hakuna, waliojizuia 9, Uingereza na Marekani wakiwemo. Swali la Engare Nanyuki lilikuwa limejibiwa, kwa watu wote kwa pamoja. Hilo ndilo linalofaa kupigiwa makofi, na lina faida ya kuwa kweli.

Katikati ya miaka hiyo miwili kuna daraja ambalo ziara inalivuka kwa haraka mno. Kirilo aliporudi alizunguka sehemu mbalimbali za Tanganyika akieleza yaliyotokea New York, na watu ambao hawakuwahi kuuona Mlima Meru wakajitambua ndani ya kesi ile. TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954. Tarehe 7 Machi 1955 Julius Nyerere alisimama mbele ya Baraza lile lile la Udhamini. Ujumbe wa Umoja wa Mataifa uliotembelea nchi mwaka 1954 ulikuwa umesema uhuru ungewezekana ndani ya miaka 20 hadi 25, makadirio ambayo serikali ya Uingereza iliyakataa. Ulipatikana tarehe 9 Desemba 1961. Tarehe hizi zote zimo kwenye karatasi yao, lakini nyuma, kwa herufi ndogo zisizosomeka bila miwani.

Wakati wa kurudi, gari linapita mjini jioni na ziara inaishia Mnara wa Saa kwa picha. Kituo hicho kingebadilishwa. Arusha ni makao ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo Septemba 2022 ilitoa hukumu iliyogusa haki ya watu wa Sahara Magharibi kujitawala, ikitegemea ibara ya 20 ya Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, ile inayowapa watu waliotawaliwa au kukandamizwa haki ya kujikomboa. Kesi iliyotoka Meru kwenda New York, na kesi ya Wasahara iliyokuja Arusha: mwanachuo akiyasikia hayo mawili ndani ya siku moja, hataona tena historia hii kama mali ya kabila wala ya taifa moja. Kwa wanaokaa Moshi, wapo tayari kufanya toleo linaloanzia Old Moshi. Waombeni waingize na mkutano wa mshikamano wa watu wa Afrika na Asia uliofanyika Moshi Februari 1963, ambao haumo kwenye ratiba yoyote tuliyoiona.

Ukilinganisha pesa na siku nzima ya kazi, inastahili, na kwa vikundi vya shule wanapunguza bei mkizungumza mapema. Unapoweka nafasi omba mambo matatu kwa maandishi: kikao cha wazee kabla ya chakula, nakala ya Kiswahili ya ibara za 76 na 87 kwa herufi kubwa, na igizo la kura lifanywe kwa duru mbili. Maharage mnaweza kuyabeba wenyewe.